Kaka yangu anataka mwanangu askari amtafutie mwizi kwenye kompyuta ya polisi

Mpendwa mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, na huku Uingereza nimekaa miaka zaidi ya ishirini, katika mji wa wastani ambao sitautaja ili watu wasitutambue. Nyumba yangu imegawanyika, na kila ninayetaka kumweleza tayari ana upande wake.

Mwanangu wa kwanza ni askari polisi. Aliingia 2021, wakati ule serikali ilipokuwa inaajiri kwa pupa. Alipoapishwa nilipika pilau, na kaka yangu, yaani mjomba wake, ndiye aliyesimama kutuombea dua. Alistahili. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wadogo, na kaka ndiye aliyewalipia masomo ya ziada, nauli, viatu, kila kitu. Ndiye aliyetupokea huku tulipofika. Sina namna ya kumlipa.

Kaka ana duka. Anauza unga wa sembe, mihogo, ndizi za kupika, samaki wa barafu, pamoja na bidhaa za kawaida za Kizungu, na hizo ndizo zinazoibwa: maziwa ya kopo ya watoto, kahawa, jibini, nyama. Wezi wanaingia mchana kweupe, wanajaza mkoba na kutoka wakitembea tu. Hivi karibuni mmoja alimsukuma msichana wa kaunta, akaanguka na kuteguka mkono. Kaka alipiga simu polisi, akasubiri sana kwenye laini, mwisho akapewa nambari. Kwetu tungesema amepewa RB. Hakuna aliyefika. Kituo kilichokuwa barabara ya pili kutoka dukani kiliuzwa zamani, siku hizi ni nyumba za watu.

Sasa kaka ana picha ya mwizi kwenye kamera, na amemwona tena stendi ya basi. Anachotaka ni kwamba mwanangu aingie kwenye kompyuta ya kazini, amtolee jina na mahali anapokaa. "Mara moja tu," anasema. Kuna vijana wa barazani pale dukani wamesema wakipata anwani wataimaliza wenyewe, na kwamba mtaa wetu unahitaji sungusungu. Wanataka mwanangu awaelekeze namna ya kufanya doria.

Mwanangu alikataa. Alikataa tukiwa mezani, mbele ya watu, tena kwa Kiingereza. Kaka akaweka kijiko chini akasema, "Kumbe nimewasomeshea polisi Wazungu." Tangu hapo hawasalimiani. Mwanangu haji tena kwangu kama anajua mjomba wake atakuwepo, na msikitini watu wanamnong'ona: askari gani huyu asiyesaidia kwao.

Na mimi mwanangu simwelewi vizuri. Amekonda. Ofu zake zinafutwa. Usiku mzima anaweza kukaa hospitali akimlinda mgonjwa wa akili aliyekosa kitanda, huku redio inaita kazi nyingine na hakuna wa kwenda. Ananiambia, "Mama, tuko wachache." Lakini televisheni ilisema wameajiriwa askari elfu ishirini! Wako wapi? Kaka naye ananionyesha bili ya kodi ya halmashauri, ule mstari wa polisi unapanda kila mwaka, ananiuliza analipia nini.

Nina maswali mawili. Nimwombe mwanangu amsaidie mjomba wake mara hii moja ili amani irudi? Na je, nimwambie aache kazi hii kabla haijammaliza?

Mama wa Askari, Uingereza

*

Waaleikum salaam, Mama wa Askari.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Hapana, hata mara moja, na hata kama mwombaji angekuwa wewe mwenyewe uliyemzaa.

Ile kompyuta si daftari la kituoni linalofunuliwa nyuma ya kaunta. Kila askari anaingia kwa jina lake na nywila yake, na mfumo unahifadhi nani alitafuta nini na saa ngapi. Ukaguzi hufanyika, na swali huwa moja: ulikuwa na sababu gani ya kikazi? "Mjomba wangu aliniomba" ni jibu la kumfukuzisha kazi. Wapo askari wa Uingereza waliofukuzwa na kushtakiwa kwa kuchungulia habari za majirani, wapenzi wa zamani na jamaa zao. Sheria ya 1990 ya matumizi mabaya ya kompyuta inaruhusu kifungo cha hadi miaka miwili kwa anayefungua taarifa asizoruhusiwa. Anayefukuzwa kwa kosa kubwa la nidhamu huandikwa katika orodha ya waliopigwa marufuku, na hakuna jeshi la polisi England wala Wales litakalomchukua tena.

Hapo ni kabla hatujawafikia wale vijana wa barazani. Tuseme mwanao ametoa anwani, vijana wakaenda, na mtu akavunjwa taya au akafa. Wapelelezi watauliza anwani ilitoka wapi. Utakuwa na mtoto mahabusu na kaka mahabusu, na mwizi wa maziwa ya kopo atakuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Sungusungu naifahamu na siidharau. Ilizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali, na baadaye serikali ikaipa kibali chake. Hata ikiwa na kibali, iliua watu wasio na hatia. Huko mlipo hakuna kibali chochote. Sheria ya 1984 inamruhusu raia kumkamata mhalifu katika mazingira finyu sana: kosa lenyewe liwe la uzito fulani, askari asiwe karibu wa kufanya kazi hiyo, na kuwe na sababu kama kumzuia mtu asikimbie au asidhuru. Kumfuata mtu nyumbani kwake siku kadhaa baada ya wizi hakumo. Watakaofungwa pingu ni vijana wenu, na unajua kama mimi kwamba kijana mweusi akifungwa pingu Uingereza maelezo yake husikilizwa mwishoni.

Sasa nije kwenye hasira ya kaka yako, maana ni hasira ya haki iliyoelekezwa kwa mtu asiyestahili. Anauliza polisi wako wapi, na mwanao anasema wako wachache. Wote wawili wana haki. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kaka yako hatatulia kwa kuambiwa "haiwezekani" bila kuelezwa kilichotokea.

Mwaka 2010 iliingia madarakani serikali ya mseto, nchi ikiwa bado na majeraha ya msukosuko wa fedha wa 2008, na ikachagua kubana matumizi. Oktoba mwaka huo ikatangaza kwamba ruzuku ya serikali kuu kwa polisi wa England na Wales itashuka kwa asilimia 20 ndani ya miaka minne, ukiondoa mfumuko wa bei. (Scotland wana mambo yao, tuwaache.) Miezi michache tu kabla, wakaguzi rasmi wa polisi walikuwa wamepiga hesabu na kusema kwamba ukibana kila penye ulegevu bila kuwapunguza askari wanaoonekana barabarani, unaweza kuokoa asilimia 12, tena mambo yakienda vizuri sana. Serikali ikachukua 20, na bado ikaahidi kwamba askari wa mstari wa mbele hawataguswa. Pengo kati ya 12 na 20 lilikuwa lazima litoke kwenye miili ya watu.

Namna lilivyotoka ndiyo inayoeleza maisha ya mwanao leo. Askari wa Uingereza hapunguzwi kazini kama mfanyakazi wa kiwanda, kwa kuwa kisheria ni mtumishi wa Taji, yaani wa ufalme, na si mwajiriwa. Kwa hiyo wakuu wa polisi walibaki na njia chache. Walisimamisha ajira mpya. Baadhi walitumia kanuni ya kuwastaafisha kwa lazima waliotimiza miaka 30 kazini, yaani wapelelezi na masajini waliobobea. Na waliwapunguza wale waliowezekana kupunguzwa kirahisi: raia wa ofisini wanaopokea simu, kuandaa majalada na kuchambua picha za kamera, pamoja na polisi jamii, wale wenye sare wanaozunguka mitaani bila mamlaka kamili ya kukamata. Hao wa mwisho walikuwa karibu 17,000 mwaka 2010. Miaka minane baadaye walikuwa kama 10,000. Askari wenyewe walikuwa karibu 144,000 Machi 2010, na Machi 2018 wakabaki karibu 122,000.

Mishahara ilisimamishwa, kisha ikapewa nyongeza ya asilimia moja kwa mwaka. Vituo viliuzwa, kama hicho cha barabara ya pili kutoka dukani. Polisi walipolalamika, Mei 2015 waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Theresa May, alisimama mbele yao kwenye mkutano wao wa Bournemouth akawaambia, kwa maana, kwamba wanapiga kelele za hatari isiyokuwepo. Kugoma hawawezi. Wamekatazwa kwa sheria tangu 1919, baada ya migomo yao wenyewe. Basi wakarudi kazini.

Anayekuambia kwamba ukikata raia wa ofisini hujamgusa askari wa barabarani hajawahi kuona jalada la kesi likiandaliwa. Ukimfukuza karani, jalada halijiandai lenyewe. Linaandaliwa na askari aliyetolewa barabarani. Hospitali za magonjwa ya akili nazo zilikuwa zimebanwa, na halmashauri pia, na vituo vya vijana vikafungwa. Kila huduma iliyofunga mlango saa kumi na moja jioni ilimwachia mzigo yule asiyefunga, yaani polisi wa 999, nambari ya simu ya dharura. Ule usiku wa mwanao hospitalini, kando ya mgonjwa asiye na kitanda, umetoka kwenye bajeti ya wizara nyingine kabisa. Julai 2023 kulisainiwa makubaliano ya kitaifa, yaliyoigwa kutoka polisi wa Humberside, kwamba askari wasiitwe kwa kazi za afya zisizo na hatari ya haraka. Sehemu nyingine yamesaidia. Pale wanaopaswa kupokea mgonjwa wakiwa hawapo, askari anabaki amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Wale elfu ishirini wa televisheni ni kweli waliajiriwa. Ahadi ilitolewa na Boris Johnson mwaka 2019, na kufikia Machi 2023 idadi ya askari ilikuwa karibu 147,000, juu kidogo ya ile ya 2010. Lakini watu wa England na Wales nao walikuwa wameongezeka kwa karibu milioni tano. Na aliyeondoka 2012 alikuwa na miaka 30 ya kazi kichwani, aliyekuja 2021 alikuwa na wiki chache za mafunzo. Ni sawa na kukata minazi inayozaa, ukapanda miche idadi ileile, halafu ukauliza nazi ziko wapi. Mwaka 2023 zaidi ya theluthi moja ya askari walikuwa hawajafikisha miaka mitano kazini, na mwanao alikuwa mmoja wao.

Kuna jambo jingine la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Fedha za ajira ile zilifungwa kwenye idadi ya vichwa vyenye sare: ukishuka chini ya lengo, ulipoteza fedha. Raia wa ofisini hawakuwa na ulinzi huo. Bajeti ilipobana, mkuu wa polisi alimwondoa karani na kumweka askari mwenye mamlaka ya kukamata kwenye kiti chake, ili hesabu ya vichwa itimie. Mwambie kaka yako kwamba baadhi ya wale elfu ishirini wako ofisini wanapiga chapa.

Na ile bili yake ya kodi ya halmashauri. Polisi wa Uingereza wanalishwa na mifuko miwili mikuu, ruzuku ya serikali kuu na ule mstari kwenye bili. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilionyesha mwaka 2018 kwamba tangu 2010 fedha za serikali kuu kwa polisi zilikuwa zimeshuka kwa asilimia 30, wakati jumla ya fedha zao imeshuka kwa asilimia 19. Tofauti imezibwa kwa sehemu kubwa na walipa kodi kama kaka yako. Analipa zaidi ili kuziba pengo lililochimbwa na mwingine, na hata hivyo halijazibika. Tena halikuchimbwa sawasawa. Surrey, penye nyumba za bei kubwa, karibu nusu ya fedha za polisi hutoka kwenye bili hizo, kwa hiyo ruzuku ilipokatwa walijikwaa. Northumbria na West Midlands, wanaotegemea serikali kuu kwa sehemu kubwa zaidi, walianguka. Asilimia ileile ilikatwa kwa tajiri na kwa maskini, na ikaitwa usawa.

Je, ndiyo sababu mwizi wake hajakamatwa? Kwa sehemu. Katika mwaka ulioishia Machi 2015, kati ya makosa 100 yaliyoandikwa, 15 hivi yalimfikisha mtu kwenye mashtaka au wito wa mahakama. Miaka minne baadaye hayakufika 8. Sitabebesha uhaba wa fedha lawama yote, kwa sababu mwaka 2014 wakaguzi waligundua kwamba karibu kosa moja kati ya matano lilikuwa haliandikwi kabisa, utaratibu ukakazwa, na madaftari yakajaa kesi ambazo zamani zingeyeyuka. Hata hivyo, askari wachache na wachanga, waliozungukwa na majalada, hawawezi kukimbiza kila kahawa iliyoibwa, na wizi wa madukani ulioandikwa na polisi umepita 500,000 kwa mwaka.

Lakini kaka yako bado hajamaliza milango, na hapa ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani.

Oktoba 2023 majeshi ya polisi yaliahidi kutoa kipaumbele cha kufika dukani katika hali tatu: mfanyakazi ametendewa nguvu, mwizi ameshazuiliwa na walinzi, au kuna ushahidi unaohitaji askari aje kuuchukua. Msichana wa kaunta alisukumwa akateguka mkono. Je, kaka yako alilisema hilo kwenye simu, au alisema "nimeibiwa tena"? Aliyechoka husema la pili. Arudi kwenye nambari aliyopewa, aongeze kwamba mfanyakazi aliumizwa, na msichana mwenyewe atoe maelezo yake. Kama alikwenda hospitali, karatasi ya hospitali iambatanishwe. Mashtaka ya kumuumiza mtu yana uzito ambao kopo la maziwa halina.

Ahadi ileile ilisema pia kwamba picha za kamera zitalinganishwa na picha za watu waliowahi kukamatwa. Yaani hiyo kompyuta anayoitaka kaka yako ipo kwa ajili yake, ila ifunguliwe na askari aliyepewa kesi, kwa njia inayokubalika mahakamani. Jina lililotafutwa kwa siri na mpwa wake litamharibia kesi, kwa sababu wakili wa mwizi ataanza na swali hilo. Na kuonekana kwake stendi ya basi ni habari: siku, saa, nguo alizovaa, basi alilopanda. Aiandike na kuipeleka.

Asiamini pia ule uvumi kwamba wizi wa chini ya pauni 200 si kosa. Sheria ya 2014 iliupeleka wizi wa kiwango hicho kwenye mahakama ndogo, basi. Haukuacha kuwa wizi, na muswada ulioletwa bungeni 2025 ulikusudia kukiondoa kifungu hicho.

Aingie kwenye tovuti ya police.uk, aweke postikodi ya duka, ataona timu ya polisi wa mtaa wake na namna ya kuwapata. Serikali ya sasa imeahidi askari na wasaidizi 13,000 zaidi wa mitaani kufikia 2029. Ahadi za idadi tumeshaziona, sitamwambia azitegemee, ila kwa sababu yake wakuu wa polisi wanaulizwa mitaa yao ina nani. Wanaofika kwenye mikutano hiyo huwa ni wazee wachache wenye malalamiko ya maegesho. Wenye maduka watano wakija pamoja na tarehe zao zimeandikwa, mkutano hubadilika. Na amwandikie kamishna wa polisi wa mkoa wake, ambaye huchaguliwa kwa kura na ndiye anayepanga ule mstari kwenye bili. Serikali imeshatangaza kuwa vyeo hivyo vitafutwa 2028, lakini mpaka hapo wanawajibika, na mbunge naye yupo. Swali lake, "Nalipia nini?", ni zuri kabisa. Alipeleke kwa anayepanga bei.

Sasa, nani amwambie kaka haya yote? Wewe.

Mpwa kumkatalia mjomba mbele ya watu ni jambo zito kwetu hata pale mpwa anapokuwa sahihi, na kile Kiingereza kilizidisha. Nadhani kijana alikimbilia Kiingereza kwa sababu hiyo ndiyo lugha aliyofundishiwa kukataa, kule kazini, lakini mjomba wake alisikia kiburi. Usimtume tena kwenda kujieleza. Dada kumkatalia kaka yake, faraghani, baada ya kumwamkia na kuuliza hali, kunavumilika. Nenda na wifi yako kama mnaelewana, maana yeye ndiye atakayebaki na duka kaka akifungwa. Mwambie: "Kaka, uliyemsomesha ndiye huyo anayekataa, na mimi ndiye ninayemkataza." Hasira ikuangukie wewe, una miaka mingi ya kuizoea.

Kuhusu deni la kulelewa, silipuuzi. Lilipwe kwa vitu vilivyo vyenu: msaada wa duka, kukaa kaunta siku msichana anapouguza mkono, kumjazia fomu, kumwandikia hiyo barua kwa kamishna kwa Kiingereza kilichonyooka. Hata kijana anaweza kusaidia haya akiwa na nguo za nyumbani, kumweleza mjomba wake utaratibu ambao raia yeyote anaweza kuelezwa. Kazi yake na jina lake havimo kwenye deni. Tunapolalamika kwamba kule kwetu askari anamsaidia anayemjua na kumwacha asiyemjua, tunalalamikia hichohicho kaka yako anachokiomba. Mwanao amekataa kuwa askari wa aina hiyo, na hao wanaomnong'ona msikitini ndio wa kwanza watakaofaidika siku mwizi atakapokuwa na mjomba.

Kuhusu kuacha kazi, sitakupa jibu, na nakuomba na wewe usimpe. Muulize kwanza, kisha ukae kimya umsikilize. Mpaka sasa umemsikia akisema "tuko wachache". Hujamsikia akisema anataka kuondoka. Huenda kazi anaipenda na zamu ndiyo inayomuua, na hilo lina dawa nyingine: kuna askari wanaohamia kutoka gari la dharura kwenda polisi wa mtaa au upelelezi, na kuomba uhamisho si aibu. Chama chao, Police Federation, kina wawakilishi wanaojua kanuni za ofu zilizofutwa. Ofu ikifutwa kwa taarifa ya chini ya siku 15, anastahili malipo ya ziada au muda wa fidia, na vijana wengi hawadai. Kuna taasisi ya hisani ya Police Care UK inayosaidia askari na familia zao walioumizwa na kazi hii, hata majeraha ya akilini. Na kama baada ya yote hayo ataamua kuondoka, usimwambie kwamba kazi ya serikali haiachwi. Atakuwa ameondoka na jina safi, ambalo litamfungulia kazi nyingine.

Kitu kimoja unaweza kukifanya wiki hii bila kungoja mapatano ya wakubwa: mwite nyumbani siku ambayo mjomba hayupo, usimuulize habari za duka wala za kompyuta, na akisinzia kwenye kochi kabla ya chakula kuiva umwache alale.

Na kaka yako atume ile picha ya kamera leo, isingoje kikao cha familia. Mashine nyingi za madukani hufuta zenyewe baada ya wiki chache.